Fundi Anajibu: Bakapu Inakesha Usiku Kucha na Waya Hauna Kosa

Barua za safari hii zimenishangaza kwa kufanana. Karibu zote zinalalamikia bakapu ya kwenda kwenye NAS, yaani ile boksi ya diski inayokaa kwenye mtandao watu wote wakaiona, na karibu zote mwandishi ameshabadilisha waya, ameshabadilisha rauta, mmoja mpaka swichi mpya kanunua, na bado mambo ni yaleyale. Nimeamua nizijibu pamoja, na ile ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu ukiielewa hiyo zinazofuata utakuwa umeshazijibu nusu.

SWALI: Habari za kazi fundi. Mimi ni mpiga picha, nina NAS ya diski mbili za kuzunguka, moja ni nakala ya mwenzake. Kila saa 8 usiku kompyuta inapeleka bakapu kule. Zamani ilikuwa masaa mawili imemaliza, sasa hivi naamka asubuhi nakuta iko asilimia 40 na spidi inaonyesha megabaiti 2 kwa sekunde, wakati mtandao wangu ni wa gigabiti. Nimebadilisha waya, nimebadilisha rauta, nimefomati mpaka kompyuta. Kilichobadilika ni kwamba niliapdeti NAS, nikawasha ile huduma ya kutafuta picha kwa jina na kwa sura ya mtu, alafu nikaongeza kwenye bakapu folda ya picha zangu za zamani, sasa jumla nina mafaili kama 640,000. Ila sidhani kama hivyo vinahusiana. Ram ya NAS ni gigabaiti 1. Naogopa diski ikifa kabla bakapu haijaisha nitapoteza kazi za miaka. Nisaidie.

JIBU: Pole sana ndugu yangu. Na wala usione unaogopa bure, mtu ambaye kazi zake za miaka ziko sehemu moja na bakapu haimalizi ana kila sababu ya kukosa usingizi. Kwa hiyo kabla hatujagusa kitu chochote, chukua diski ya nje, ichomeke kwenye kompyuta moja kwa moja, kopi zile folda ambazo zikipotea huwezi kuzipiga tena. Fanya leo. Alafu ndo turudi kwenye NAS tukiwa na moyo umetulia.

Sasa, umesema hudhani kama ile huduma ya kutafuta picha inahusiana. Mimi nasema ndo yenyewe, na nataka nikuonyeshe kwa nini badala ya kukwambia tu "izime", maana ukizima bila kuelewa, apdeti inayofuata inaweza kuiwasha na utarudi palepale.

Kwanza tuutoe mtandao kwenye lawama. Mtandao wa gigabiti, ukikumbuka baiti moja ni biti nane, kwenye karatasi unabeba megabaiti 125 kwa sekunde, kwenye maisha ya kweli unapata kama 110. Kosa la waya linalojulikana sana ni lile la nyaya mojawapo za ndani kukatika, hapo laini inashuka kimyakimya inakuwa ya megabiti 100, na ungeona megabaiti 11 hivi kwa sekunde. Wewe unaona 2. Kwa kawaida waya mbovu haushuki hivyo na kukaa imara usiku mzima kwenye 2, ungekuwa unakatika katika. Kama bado una wasiwasi chukua faili moja kubwa, video ya gigabaiti 4, ikopi kwenda kwenye NAS huku unaangalia saa. Ikipita ndani ya sekunde 40 au hata dakika moja, basi waya, swichi na rauta vyote ni vizima na naomba usivinunue tena.

Alafu chukua folda yenye uzito uleule wa gigabaiti 4 lakini iwe ya vijifaili vidogovidogo, uikopi. Hapo ndo utashtuka.

Diski ya kuzunguka ina kichwa cha kusomea kinachotembea juu ya sahani. Kama inazunguka mara 7,200 kwa dakika, mzunguko mmoja ni milisekunde 8 na kidogo, kwa hiyo kwa wastani kichwa kinasubiri nusu ya hapo, kama 4, data ifike chini yake, na kabla ya kusubiri kilishatumia milisekunde nyingine 8 au 9 kusafiri mpaka kwenye mstari wenyewe. Jumlisha unapata 12 au 13. Ina maana kwa sekunde moja diski inaweza kwenda sehemu kama 80 tofauti, basi, haijalishi kila sehemu inachukua kitu kikubwa au herufi mbili. Faili kubwa moja kichwa kinafika kinatulia kinasoma mfululizo, ndo maana unaona spidi nzuri. Vijifaili, kila kimoja ni safari. Gigabaiti 4 zikiwa za vijifaili vya kilobaiti 4 ni mafaili kama milioni 1, na kwa safari 80 kwa sekunde hayo ni zaidi ya masaa matatu, kwa uzito uleule ambao video ilipita kabla chai haijapoa.

Sasa weka namba zako. Una mafaili 640,000. Bakapu kabla ya kukopi chochote inapita kila faili kuuliza, wewe umebadilika? ukubwa wako ni ule ule? tarehe yako ni ile ile? Tuseme kila faili linadai safari moja tu, kuna yanayodandia safari ya jirani yake na kuna yanayodai tatu, ila tuseme moja. 640,000 gawanya kwa 80 ni sekunde 8,000. Masaa mawili na dakika kama 13 yameisha na hujakopi picha hata moja! Na hapo diski iko peke yake haina mgeni.

Mgeni ndo huyu anayeitwa indeksi, ndo kazi inayofanywa na ile huduma ya kutafuta picha uliyoiwasha. Indeksi ni faharasa, kama ile ya nyuma ya kitabu, inayokuwezesha uandike jina ukapata picha mara moja. Ni kitu kizuri, siisemi vibaya. Lakini hiyo faharasa lazima mtu aiandike, na anayeiandika ni programu inayofungua kila picha, inasoma tarehe na kamera na mahali, inatengeneza vipicha vidogo vya kuonyesha haraka, mara nyingi vya saizi kadhaa kwa kila picha, inatafuta sura za watu, alafu inaandika yote hayo kwenye hifadhidata ambayo nayo iko kwenye diski hiyohiyo. Safari juu ya safari. Na ubaya wenyewe uko hapa: NAS nyingi ndani zinaendeshwa na mfumo wa Linux, na Linux ina njia ya kuiambia programu kwamba kuna faili jipya limeingia, kwa hiyo kila picha ambayo bakapu inaandika, indeksi inapigiwa kengele palepale, inakimbilia kuifungua, wakati bakapu imeshaenda kuandika nyingine upande wa pili wa sahani. Kichwa kinarudi, kinakwenda, kinarudi. Fahali wawili hawakai zizi moja, na zizi lako lina kichwa kimoja. Hizo diski mbili kunakiliana zinaweza kusaidia kidogo kwenye kusoma, kwenye kuandika hakuna msaada maana lazima zote mbili ziandike kitu kilekile.

Alafu hiyo ram ya gigabaiti 1. Mfumo unapenda kuweka orodha za mafaili kwenye ram ili usiende diski kila mara, lakini indeksi ikianza kutafuta sura inaila ram yote, orodha zinatupwa, bakapu inarudi kuuliza diski kitu ambacho ilishauliza dakika tano nyuma.

Usiniamini kwa maneno, angalia mwenyewe. Kila NAS ina ukurasa wa kuonyesha matumizi ya prosesa, ram na diski, ufungue saa bakapu inatembea. Kama unaweza kuingia kwa SSH, yaani ile njia ya kuingia kwenye NAS kutoka kompyuta yako na kuipa amri kwa maandishi, andika iostat -x 5, kama ipo, itakuletea mistari mipya kila sekunde 5. Kuna ofisi moja ndogo niliwahi kuitwa kwa tatizo kama lako na nilichokiona nakikumbuka mpaka leo, safu ya mwisho kulia imeandikwa %util na ilikuwa 99, haishuki, maana yake diski haina nafasi ya kupumua, wakati huohuo kilobaiti zinazoandikwa hazifiki 2,000 kwa sekunde, na ile safu ya kusubiri, await, inasoma milisekunde 70 mpaka 90 kwa ombi moja. Diski imechoka kabisa na mzigo iliobeba mgongoni ni wa mtoto. Ukiweka sikio karibu unaisikia inakwaruza bila kupumzika, sauti ambayo faili kubwa haitoi. Prosesa yenyewe ilikuwa inasubiri tu, kwenye amri ya top ukiangalia penye herufi "wa" utaona asilimia kubwa, hiyo wa ni muda wa kusubiri diski. Ukiona picha hiyo kwako umeshapata jibu, na ukiona kinyume, diski iko asilimia 20 na prosesa imejaa 100, basi shida ni nyingine, labda usimbaji (kufunga data kwa siri) au ukandamizaji wa data, niandikie tena.

Matibabu sasa, na naomba ubadilishe kitu kimoja kwa usiku mmoja ili ujue kipi kilisaidia. Usiku wa kwanza simamisha indeksi tu, usiifute, isimamishe, alafu acha bakapu itembee na uandike imechukua muda gani. Kama NAS yako ni ya kampuni ya Synology kuna Universal Search na kuna Indexing Service ndani ya Control Panel, ni vitu viwili tofauti na watu wanazima kimoja wanashangaa hakuna mabadiliko, na kama una programu yao ya picha nayo ina kazi zake za nyuma. Kwenye NAS za QNAP angalia Qsirch na Multimedia Console. Usiku wa pili, itoe folda ya bakapu kwenye orodha ya folda zinazoindeksiwa, hii ndo dawa yenyewe ya kudumu. Jiulize, picha halisi ziko kwenye kompyuta yako na unazitafuta huko, kwa nini nakala yake itengenezewe vipicha na kutafutwa sura? Hakuna mtu anayetafuta ndani ya bakapu kila siku. Kama kuna folda kwenye NAS unayoshea na wateja, iache indeksi kwenye hiyo tu.

Hiyo folda ya wateja ndo ipangie ratiba, indeksi ifanye kazi mchana ukiwa umetoka, bakapu ibaki na usiku wake. Na uivumilie imalize mara moja. Indeksi ya kwanza ya picha laki kadhaa kwenye boksi dogo inaweza kuchukua siku nyingi, na kosa ninaloliona kila mara ni mtu kukasirika siku ya tatu akabonyeza kujenga upya, inaanza sifuri. Apdeti kubwa za mfumo nazo zinaweza kuilazimisha ianze upya, kwa hiyo ukiapdeti usishangae, subiri.

Kuna kitu kingine watu hawakioni. Vile vipicha vinavyotengenezwa vinakaa kwenye folda zilizofichwa humohumo ndani ya folda zako, kwa Synology zinaitwa @eaDir. Kama NAS yako nayo inatuma bakapu kwenda diski nyingine na hukuzitoa hizo, unakopi takataka ambazo idadi yake inaweza kuzidi picha zenyewe. Zitoe kwenye bakapu, pamoja na Thumbs.db na .DS_Store, vijifaili ambavyo Windows na Mac zinajitengenezea zenyewe ndani ya folda. Vyote hivyo vinajijenga upya vikipotea. Picha haijijengi upya.

Na zile picha za zamani ambazo huzigusi tena, zifunge kwa mwaka, mwaka mmoja faili moja la tar au zip, yaani furushi lenye mafaili mengi ndani, bila kukandamiza, maana JPEG imeshakandamizwa utapoteza muda tu. Mafaili laki tatu yanakuwa ishirini na bakapu ikiuliza "umebadilika?" inauliza mara ishirini. Hasara yake ni kwamba ukitaka picha moja unafungua furushi zima, na furushi likiharibika katikati unaweza kupoteza mengi kwa pamoja, kwa hiyo weka nakala mbili na ulijaribu kulifungua kabla hujafuta zile za mwanzo. Mimi kwa picha za miaka ya nyuma naona inafaa, kwa kazi ya mwaka huu hapana.

Kitu ambacho nakusihi usifanye ni kuzima uhakiki wa bakapu ili iwe nyepesi. Najua unavuta, unaona unaokoa masaa. Lakini uhakiki ndo unaokwambia kwamba kilichoandikwa kinasomeka. Upange mara moja kwa wiki kama kila siku ni mzigo, ila uwepo, na kila mwezi chagua folda moja uirudishe kutoka NAS uifungue kwa macho yako.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi natumia Mac, na Time Machine, ile programu yake ya bakapu, inaandika kwenye NAS ya nyumbani. Kila siku inakaa kwenye hatua ya kuandaa bakapu zaidi ya saa nzima, hata kama sijafanya kazi yoyote ya maana. Nimezima indeksi kwenye NAS kama nilivyoshauriwa, imepungua kidogo tu. Nini kimebaki?

JIBU: Marahaba mwanangu. Umefanya vizuri kuanza na NAS, na hapo kwako kuna sababu ya ziada. Time Machine ikiandika kwenye mtandao haiweki mafaili yako yalivyo, inatengeneza diski ya kuigiza, ukiifungua kwa upande wa NAS ni folda lenye maelfu ya vipande vya data visivyo na majina ya maana. Indeksi ya NAS ikipita pale inafungua kila kipande, haielewi kitu, inaendelea na kinachofuata. Ni kazi ya bure kabisa. Kwa hiyo hilo folda lisiindeksiwe kamwe, na hata antivairasi ya NAS ilipite pembeni.

Kilichobaki kiko upande wa Mac yenyewe. Mac ina indeksi yake, Spotlight, na ukifungua Activity Monitor ukaona mds, mds_stores na mdworker wako juu kwenye diski au prosesa wakati bakapu inaandaa, ujue wanagombania. Hii inatokea sana siku chache baada ya kuapdeti macOS, na mara nyingi dawa ni kuiacha Mac imechomekwa umeme usiku kucha bila kulala imalize. Usizime Spotlight ya Mac nzima, utaumia kwenye kazi zako za kila siku. Badala yake nenda kwenye mipangilio yake ya faragha, toa zile folda zinazobadilika ovyo, kashe, folda za programu unazotengeneza, mashine za kuigiza, alafu hizohizo uzitoe na kwenye Time Machine.

Hatua ya kuandaa yenyewe ni Mac kujiuliza nini kimebadilika tangu jana. Kwa kawaida haipiti faili moja moja, ina daftari la mabadiliko ambalo mfumo unaliandika muda wote, inasoma daftari inajua. Ila daftari likishukiwa kuwa halijakamilika, kwa mfano umezima Mac kwa kushikilia kitufe au umeme umekatika, inaweza kulazimika kupita kila kitu kuhakikisha. Siku hiyo isubiri, kesho yake itakuwa nyepesi. Kama kila siku Mac yako unaizima kwa nguvu hilo ndo tatizo lako na naomba uache.

Na kuna hili, Time Machine inajipunguza spidi kwa makusudi ili isikusumbue ukiwa kazini. Kwa bakapu ya kwanza kubwa unaweza kuilegezea kwa muda, kwenye Terminal, ile programu ya kuandika amri, andika sudo sysctl debug.lowpri_throttle_enabled=0, ikimaliza weka 1, na hata ukisahau ukiwasha upya inajirudi yenyewe. Ila elewa kwamba hiyo amri inaondoa breki tu. Kama diski ya NAS iko kwenye 99 tuliyoongelea juu, kuondoa breki hakutasaidia.

SWALI: Fundi habari. Ofisini tuna kompyuta 12 na NAS moja, pia tuna seva ya Linux inayofanya bakapu kila alfajiri kwa rsync, ile programu ya kukopi yaliyobadilika tu. NAS tumeshahakikisha haiindeksi chochote, tumezima kabisa. Lakini kila alfajiri na kila saa 7 mchana diski zinakwaruza na kila mtu analalamika. Nani anaindeksi?

JIBU: Salama kabisa. Hongereni kwa kuhakikisha upande wa NAS, sasa geukeni muangalie wateja wake, yaani kompyuta na seva zinazoitumia, maana NAS inaweza kuwa imetulia na ikapigwa kutoka nje.

Alfajiri naitilia shaka seva yenyewe. Linux nyingi zina kazi ya kila siku inaitwa updatedb, inapita mfumo mzima wa mafaili kutengeneza orodha ili amri ya locate ijibu haraka. Kwa kawaida inajua kuruka mafolda yaliyounganishwa kupitia mtandao kwa njia kama NFS na CIFS, orodha ya njia hizo iko kwenye /etc/updatedb.conf sehemu ya PRUNEFS, lakini kama NAS mmeiunganisha kwa njia nyingine ambayo haimo kwenye orodha, updatedb inaiona kama diski ya nyumbani na inaipita yote, saa ileile rsync inaipita yote. Ongezeni njia ya folda hilo kwenye PRUNEPATHS. Dakika mbili tu.

Saa 7 mchana hesabu yangu inaniambia ni antivairasi. Zikiwekwa kompyuta 12 kwa mpangilio mmoja, zote zinaanza kuskani saa ileile, na kama kila moja imepewa ile draivu ya mtandao yenye herufi yake, mafaili yaleyale yanafunguliwa mara 12 kwa wakati mmoja. Toeni draivu za mtandao kwenye skani za kompyuta, wekeni skani moja tu ifanyike kwenye NAS yenyewe mwisho wa wiki.

Kwenye rsync nina neno. Angalieni kama kuna mtu aliweka alama ya -c. Bila hiyo alama rsync inalinganisha ukubwa na tarehe, inatosha kwa kila siku. Ukiiweka inasoma kila faili lote, pande zote mbili, hata ambalo halijaguswa miaka mitatu, ni nzuri kwa ukaguzi wa mwezi na ni mateso kwa kila alfajiri. Na kama rsync inatembea juu ya folda iliyounganishwa kwa mtandao, kila swali kuhusu kila faili linapita kwenye waya kwenda na kurudi. Mkiipa iongee na NAS kwa SSH au kwa rsync ya upande wa NAS, ile NAS inajisomea orodha yake yenyewe na kutuma majibu kwa pamoja, tofauti yake kwenye mafaili mengi ni kubwa kuliko kubadilisha waya wa aina yoyote. Kama siku moja mtapata NAS ya pili na zote zina Btrfs au ZFS, yaani mifumo ya kupanga mafaili kwenye diski inayoweza kupiga snapshoti, picha ya hali ya mafaili yote kwa wakati mmoja, tumieni kutuma hizo snapshoti, hapo mfumo unajua wenyewe vipande gani vimebadilika na hakuna kupita mafaili kabisa, na kwa ofisi yenye mafaili mengi naona hiyo ndo njia ya kuelekea.

SWALI: Kwa kifupi fundi, nikiweka SSD, zile diski zisizozunguka, si mambo yote haya yanaisha?

JIBU: Mengi yanaisha, kweli, maana SSD haina kichwa cha kusafiri na badala ya safari 80 kwa sekunde unaongelea maelfu. Lakini huhitaji kubadilisha diski zote. Kinachokuumiza ni vitu vidogo, orodha za mafaili na hifadhidata ya indeksi, kwa hiyo SSD moja au mbili ndogo za kushika hivyo tu zinaweza kutosha. Kama NAS yako inakuruhusu kuhamishia programu na hifadhidata zake kwenye SSD anza na hapo, na ZFS ina mpangilio maalumu wa kuweka metadata, yaani zile taarifa kuhusu mafaili, kwenye SSD, ila hizo ziwe mbili zinazonakiliana, kwa sababu zikifa umepoteza na data zote za nyuma yake, hili naomba ulichukulie kwa uzito. Kama SSD ni ya kashe, yaani ya kushika kwa muda data zinazotumika sana, ya kusoma peke yake haina hatari, ya kuandika nayo inataka mbili na UPS, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika. Ongeza na ram kama boksi linakubali.

Ila kabla hujanunua chochote soma namba ya modeli ya diski ulizonazo, uhakikishe sio za SMR. Hizo zinapanga mistari ya data ikilaliana kama vigae vya paa, ukitaka kubadilisha kigae kimoja unaandika upya na vya jirani, kwa hiyo zikipigwa na maandishi madogo ya huku na huku kwa muda mrefu zinaporomoka vibaya. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski za WD Red, zilizouzwa kwa ajili ya NAS, zilikuwa za aina hiyo bila wanunuzi kuambiwa wazi, na zile bado zinazunguka kwenye maboksi ya watu. Ukikuta yako ni SMR, indeksi usiiwashe kabisa kwenye hiyo diski, itumie kwa yale mafurushi ya miaka ya nyuma niliyomwambia mpiga picha, yanaandikwa mara moja yanakaa, na hela ya SSD uiweke kwenye diski ya kawaida kwanza.